Kodi ya Hoteli Haizibi Mashimo ya Barabara

Mgeni akilala Houston, Texas, katika chumba cha dola 150, asubuhi anakabidhiwa bili ya dola 175.50. Hizo 25.50 za juu ni kodi ya malazi, asilimia 17, nayo ina wenyewe wanne: jimbo linachukua 6, jiji 7, kaunti 2, na mamlaka inayosimamia viwanja vya michezo 2 zilizobaki. Mwenye hoteli si mmoja wao. Yeye ni mkusanyaji tu, na asipoziwasilisha ana kesi ya kujibu.

Fungu la jiji ndilo lenye kisa. Kwa diwani yeyote, hii ni kodi tamu kuliko zote. Anayeilipa hakai hapo, hapigi kura hapo, na hatakuja mkutanoni kupiga kelele. Bajeti ikipwaya, macho yote huelekea huko: tuzibe mashimo ya barabara, tuongeze polisi, tununue gari la taka. Texas imelijua jaribu hilo mapema na kulifungia mlango katika Sura ya 351 ya Sheria ya Kodi ya jimbo.

Kila dola ya kodi hiyo inayotumiwa na jiji hupitishwa kwenye maswali mawili. La kwanza: je, matumizi haya yanakuza moja kwa moja utalii na biashara ya hoteli na mikutano? La pili: je, yamo kwenye orodha iliyotajwa na sheria? Orodha hiyo ina vituo vya mikutano na vya kuwapa wageni taarifa, uandikishaji wa wajumbe wa mikutano, matangazo ya kuvutia watalii, sanaa, ukarabati wa majengo ya kihistoria, usafiri wa watalii, vibao vya kuwaelekeza, na baadhi ya mambo ya michezo. Kufaulu swali moja hakutoshi. Na ili kuzuia ujanja, sheria inasema wazi kwamba fedha hizi haziwezi kugharimia shughuli za kawaida za serikali ya jiji.

Hapo ndipo mabishano huanza, kwa sababu neno “moja kwa moja” huvutwa na kila mtu upande wake. Chukua fataki za tarehe 4 Julai. Kama watazamaji ni wakazi wanaotoka nyumbani kwa miguu na kurudi kulala kwao, hakuna chumba kilichokodiwa, na kodi haistahili kuguswa hata kama uwanja ulifurika. Tamasha la muziki linalowaleta watu kutoka miji ya mbali wakalala siku mbili ni jambo jingine. Bwawa la kuogelea la mtaa halipiti. Basi dogo la kuwatoa wageni hotelini hadi kituo cha mikutano linapita, lakini likishageuka kuwa usafiri wa umma wa kila mtu, halipiti tena. Jumba la kale linaweza kukarabatiwa, ila liwe mahali ambapo watalii kweli wanafika. Kupendwa na wazee wa mji hakutoshi.

Mtalii mwenyewe ni nani? Sheria haimtazami kwa kamera shingoni. Ni mtu aliyetoka makazi yake kwenda mji, kaunti, jimbo au nchi nyingine kwa starehe, burudani, elimu au utamaduni. Kwa hiyo mtu wa Dallas aliyekwenda kutazama makumbusho ya Fort Worth, mwendo usiofika saa moja kwa gari, ni mtalii kamili. Naye aliyepanga chumba kwa siku 30 mfululizo au zaidi hesabu yake ni nyingine: huyo ni mkazi, na kodi haimhusu.

Ndani ya orodha kuna viwango pia. Jiji dogo linalotoza asilimia 7 kwa kawaida linatakiwa kutenga walau sehemu moja kati ya saba kwa matangazo. Sanaa, kwa miji mingi, ina kikomo cha asilimia 15. Ndiyo maana wasanii wa Texas hufuatilia takwimu za vyumba vilivyojaa kama wakulima wanavyofuatilia mvua. Mwaka 2020, janga la korona lilipowaondoa wageni hotelini, vikundi vya ngoma, tamthilia na uchoraji katika miji kama San Antonio na Austin viliona ruzuku zikikatwa, ilhali havikuwa na kosa lolote. Fungu lililofungwa kwa biashara moja huanguka nayo.

Kufuli hilo lina matundu, na yametobolewa na watunga sheria wenyewe. Katiba ya Texas inaweka mipaka kwa sheria zinazotungwa kwa ajili ya mji mmoja, kwa hiyo mbunge anayetaka kuusaidia mji wake hautaji jina. Anauelezea kwa idadi ya watu: mji wenye wakazi si chini ya kiasi hiki wala si zaidi ya kile, ulio katika kaunti ya ukubwa kadha wa kadha. Ukipiga hesabu unakuta ni mji mmoja tu. Sura ya 351 imejaa vifungu vya namna hiyo, na kuisoma ni sawa na kutegua vitendawili. Mimi naona hiyo ni dalili kwamba sheria ya jumla imebana mno, na anayepata nafuu ni mwenye mbunge hodari.

Baadhi ya ruhusa maalumu zina maana, hata hivyo. Miji ya ufukweni inaweza kutumia sehemu ya kodi kusafisha pwani na kulipa waokoaji. Huko Galveston, msimu wa joto, bahari hutupa mwani mwingi wa kahawia mchangani, na mashine za kuuzoa hulipiwa na wanaolala hotelini. Mtu wa pwani yoyote anaelewa kwa nini: ufukwe unaonuka haumlazi mgeni usiku wa pili.

California imeshika njia nyingine kabisa. Huko kodi ya hoteli kwa kawaida huingia mfuko mkuu, na jiji linaweza kulipia zimamoto au maktaba bila kuulizwa. Sababu moja iko kwenye kura. Tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1996, kodi mpya ya matumizi ya jumla inahitaji zaidi ya nusu ya kura za wananchi, lakini ile iliyofungwa kwa kazi maalumu, ikipendekezwa na halmashauri, inahitaji theluthi mbili. Kuomba uhuru ni rahisi kuliko kuahidi. Hata hivyo San Francisco, inayotoza asilimia 14, wapiga kura wake waliamua mwaka 2018 kwamba sehemu ya kodi hiyo itengewe sanaa na utamaduni.

Kenya iko karibu zaidi na Texas, ingawa tozo yake ya asilimia 2 kwa hoteli na migahawa ni ya taifa. Inakwenda Mfuko wa Utalii, na ndiyo iliyokilea Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975: mgeni analipa, kisha anahudumiwa na mpishi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Kaunti ya ufukweni inayobeba taka za mgeni huyo haina fungu lake humo, na hapo nadhani wahenga wa Galveston wametuzidi.

Kwa mkazi wa Texas anayetaka kujua fedha zimekwenda wapi, pa kuanzia pako wazi. Halmashauri ikiikabidhi taasisi nyingine kazi ya kutangaza mji, lazima iidhinishe bajeti yake kila mwaka, fedha zikae akaunti ya peke yake, na taarifa ziletwe kila robo mwaka. Tangu 2017 miji inatakiwa pia kupeleka kwa msimamizi wa hesabu za jimbo kiwango inachotoza, mapato na mgawanyo wake. Kisicholazimika kuonekana humo ni idadi ya vyumba ambavyo kila tamasha lilijaza. Halmashauri makini humdai mwandaaji takwimu hiyo kabla hajaomba ruzuku ya mwaka unaofuata.