Kuzungumza na Mtoto Mchanga katika Mji wa Lugha Nyingi: Mfano wa Bunia

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu lugha ya mwanafunzi, ya mfanyabiashara na ya mwandishi. Lugha anayosemeshwa mtoto ambaye bado hajatamka neno haijapewa nafasi kama hiyo, ingawa huko ndiko mazungumzo yote yanakoanzia. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa kurejelea mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yetu ni moja: mtoto hujifunza lugha kwa kujibiwa. Kwa hiyo lugha inayomfaa kwanza ni ile ambayo wanaomlea wanaweza kumjibu kwa wepesi na kwa wingi, iwe ina heshima shuleni au haina.

Bunia ni mahali panapofaa kwa mjadala huu. Kilendu na Kingiti ni lugha za kundi la Sudani ya Kati. Kialur ni cha Kinailoti. Kibira na Kinyali ni vya Kibantu. Kiswahili kinawaunganisha wasemaji wa lugha hizi sokoni, hospitalini na mtaani. Kifaransa ni lugha rasmi, na Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Katika hali hiyo, mtoto mmoja anaweza kubembelezwa kwa lugha moja, kuogeshwa kwa nyingine, na kusalimiwa na majirani kwa ya tatu. Je, asemeshwe ipi?

2.0 Mazungumzo yanayotangulia neno

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa tuelewe mtoto anafanya nini anaposemeshwa. DeCasper na Fifer, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1980, walionyesha kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tatu hubadili namna yao ya kunyonya ili wasikie sauti ya mama badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mtoto, basi, haji duniani akiwa mgeni kabisa wa sauti ya mamaye.

Ifikapo nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, mtoto huanza kubwabwaja: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Roman Jakobson alieleza mwaka 1960 kwa nini majina ya wazazi hufanana katika lugha nyingi zisizo na nasaba: yamejengwa kwa silabi nyepesi ambazo mtoto huziweza mapema. Kiswahili kina baba, mama, dada na kaka; mashariki ya Kongo husikika pia papa na yaya. Lakini silabi hizo hazina maana mpaka mtu azipe maana. Mtoto akitoa sauti, mlezi huipokea kana kwamba ni neno, akaitika, akanyamaza kidogo, akangoja. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kanuni ya kwanza ya lugha, yaani kwamba kusema ni kupokezana zamu.

Nguvu ya kupokezana huko ilidhihirika katika utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wenye umri wa miezi 9 hivi walisemeshwa Kichina cha Mandarin katika vikao 12. Waliochezewa na mtu aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa kanda za video au za sauti tupu hawakujifunza. Wazazi wanaomkabidhi mtoto simu yenye katuni ili azoee Kifaransa wanapaswa kulizingatia jambo hili, maana simu husema lakini haijibu.

Ituri yenyewe inatupa ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1980 Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn waliwachunguza watoto wachanga wa Waefe, wakazi wa msitu wa Ituri. Walikuta kwamba kulea si kazi ya mama peke yake. Watoto walipofikia wiki ya 18, walikuwa mikononi mwa watu wengine kwa takriban asilimia 60 ya muda uliochunguzwa. Katika malezi ya namna hiyo wanaojibu ni wengi: nyanya, shangazi, dada na jirani.

3.0 Lugha ya kubembelezea

Charles Ferguson alilinganisha mwaka 1964 usemi wanaotumia watu wazima kwa watoto katika lugha sita, akaona sifa zinazojirudia: sauti ya juu, sentensi fupi na silabi maradufu. Kiswahili nacho kina maneno ya aina hiyo. Mtoto anayejaribu kusimama huambiwa simama dede, na ziwa huitwa nyonyo.

Hata hivyo, si jamii zote zinazorahisisha lugha. Wakaluli wa Papua New Guinea na watu wa Samoa hawana mazoea hayo. Katika kitabu walichokihariri Schieffelin na Ochs mwaka 1986, Katherine Demuth anaeleza jinsi Wasotho wanavyomtamkia mtoto maneno ili ayarudie mbele ya watu, jambo linalofanana na mzazi wa Kiswahili anaposema, "Mwambie mama, jambo." Watoto wa jamii zote hizo huishia kuzijua lugha zao. Kinachobadilika ni namna ya kujibu, ila jibu lenyewe halikosekani.

Mtoto anapoanza kuunga maneno, ni kawaida aviache viambishi. Kamil Ud Deen (2005), aliyewachunguza watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba kiambishi cha nafsi na cha njeo hudondoshwa mara nyingi katika vitenzi vya mwanzo. Anayesema "taka maji" hahitaji kukemewa. Inatosha kumjibu, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Kwa jibu hilo amepewa maji, na umbo kamili la kitenzi amelisikia.

Vivyo hivyo, mlezi wa Bunia asemaye batoto au katoto hana sababu ya kujizuia mbele ya mtoto kwa hofu ya kukiharibu Kiswahili sanifu. Usanifu hufundishwa baadaye, na hufundishika kwa wepesi kwa mtoto aliyezoea kuongea.

4.0 Lugha ipi?

Hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Mapigano ya mwaka 1999 hadi 2003, na yale yaliyozuka upya mwishoni mwa 2017, yalizileta familia nyingi za vijijini mjini Bunia. Mzazi aliyekimbia vita vya kikabila anaweza kuona usalama katika kuificha lugha ya nyumbani, na mwingine akaiacha kwa sababu ya shule. Nia zote mbili zinaeleweka. Hatari ni kwamba mzazi anayetumia lugha asiyoimudu hubakiwa na amri tu: njoo, kaa, acha, nyamaza. Hadithi, utani na majina ya mimea hubaki katika lugha iliyofichwa. Nyanya naye, aliyekuwa na muda wa kujibu, hunyamaza.

Tusieleweke vibaya. Kwa watoto wengi wa Bunia Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, na hao wasemeshwe Kiswahili. Tunachopinga ni kuikimbia lugha iliyojaa kwenda kwenye lugha iliyo tupu. Wala lugha mbili au tatu hazimchanganyi mtoto akili. Kuchanganya maneno ni hatua ya kawaida, na msamiati wake uhesabiwe kwa kujumlisha lugha zote. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeukia sauti, au wa miaka miwili asiyeunga maneno katika lugha yoyote, apelekwe kupimwa, hasa masikio.

5.0 Hitimisho

Huko Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walitayarisha orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakawahoji wazazi ana kwa ana, wakiwemo wasiojua kusoma. Kazi kama hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia na wa Chuo cha Juu cha Ualimu mjini humo, kwa Kiswahili cha Bunia pamoja na lugha jirani. Isitoshe, wauguzi wanaowapima watoto uzito wangeweza kumwambia kila mzazi maneno machache: msemeshe mwanao kwa lugha unayoiota, ngoja akujibu, nawe umjibu.