Seydou Keïta: Mpigapicha wa Bamako aliyerejeshewa jina lake

JINA la Seydou Keïta, raia wa Mali aliyefariki dunia mjini Paris Novemba 2001, hutajwa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa karne ya 20. Hata hivyo, picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, maelezo yake yalisema mpigaji hajulikani.

Keïta alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921, akajifunza useremala. Mwaka 1935 alipata kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, aliyoletewa na jamaa yake kutoka Senegal. Mwaka 1948 alifungua studio katika mtaa wa Bamako-Coura, karibu na stesheni ya reli.

Alitumia kamera kubwa yenye negativu za sentimita 13 kwa 18. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Mara nyingi alitegemea mwanga wa jua, na nyuma ya mteja alitundika kitambaa chenye nakshi. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Vitambaa hivyo alivibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, na ndivyo vilivyomsaidia baadaye kukumbuka picha ipi ilipigwa lini.

Studioni mlikuwa na saa, kalamu, redio, suti na hata skuta, ambavyo wateja waliviazima. Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi yake. Enzi hizo za ukoloni wa Kifaransa, picha nyingi za Waafrika zilipigwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu wenzao. Kwa Keïta, Mwafrika alilipia picha yake, akachagua vazi, na kuipeleka kwa ndugu zake.

Mwaka 1962, baada ya uhuru, aliajiriwa kuwa mpigapicha wa serikali na hatimaye studio ikafungwa. Maelfu ya negativu yalibaki masandukuni hadi miaka ya 1990. Maonyesho yake ya mwaka 1994 jijini Paris yalimpatia sifa duniani, na picha zilizokuwa za kupeana kifamilia zikawa bidhaa ya thamani kubwa. Baada ya kifo chake, umiliki wa negativu hizo ulizua mgogoro wa kisheria.

Jina la mpigaji sasa linajulikana. Majina ya wengi waliokaa mbele ya kamera yake hayajulikani hadi leo.