Saratani ya tezi dume: Si kila kichupa cha vitamini ni dawa

Katika safu yetu leo tuzungumzie jambo linalogusa nyumba nyingi zenye wazee: mgonjwa wa saratani ya tezi dume, na vichupa vya vitamini anavyonunuliwa na watoto wake. Nia yao ni njema. Lakini baadhi ya vidonge hivyo havimsaidii, na vingine vinaweza kumdhuru.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake kwa kawaida hustawi kwa homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Ndiyo maana wagonjwa wengi, hasa ambao ugonjwa umeenea, huchomwa sindano ya kuzuia homoni hiyo kila mwezi au kila miezi mitatu, au huondolewa korodani. Elewa hilo kwanza, yafuatayo yatakuwa mepesi.

Vitamini E na seleniamu

Mwaka 2001 ulianza utafiti mkubwa Marekani na Kanada kwa wanaume zaidi ya 35,000 wasiokuwa na saratani hii. Wengine walipewa vitamini E uniti 400 kwa siku, wengine madini ya seleniamu, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na kitu. Wataalamu walitaraji vitawakinga. Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa kwa kuwa faida haikuonekana. Mwaka 2011 ikabainika kuwa katika kila wanaume 1,000 waliopewa vitamini E peke yake, 76 walipata saratani ya tezi dume ndani ya miaka saba, dhidi ya 65 kwa waliopewa vidonge visivyo na kitu. Seleniamu nayo haikukinga.

Kwa aliyekwishaugua, haijathibitika kuwa vidonge hivi vinaipunguza saratani. Anayepigwa mionzi hushauriwa asinywe vitamini E au C kwa dozi kubwa bila ruhusa, kwani inahofiwa zinaweza kuzilinda seli za saratani pamoja na seli nzima. Vitamini E iliyomo katika karanga na mboga haina neno. Tatizo ni kidonge chenye zaidi ya mara 10 ya mahitaji ya mwili.

Dawa za nguvu za kiume

Mgonjwa aliye kwenye sindano hupungukiwa hamu na nguvu za tendo la ndoa. Wengine huona haya kusema, wakanunua dawa mitaani kwa siri. Baadhi ya dawa hizo huwa na homoni au huuzwa kwa madai ya kuongeza testosteroni. Hapo mtu anazima moto kwa mkono mmoja na kumwaga mafuta ya taa kwa mkono mwingine. Mume na mke waende pamoja kwa daktari. Hakuna aibu katika tiba.

Habbat soda, asali na kitunguu saumu

Kuvila kama chakula ni vizuri. Lakini Mtume (s.a.w.) alituhimiza pia kutafuta matibabu, na hakuna ushahidi kuwa vitu hivi vinaponya saratani hii. Asiache sindano kwa ajili yake. Vidonge vya kitunguu saumu huweza kuzidisha kutoka damu, hivyo amwambie daktari kabla ya upasuaji.

Vitamini yenye kazi yake

Sindano za homoni hudhoofisha mifupa. Mgonjwa huyu anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, akianza na chakula: maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Anahitaji pia vitamini D, aipatayo kwa jua, mayai na samaki wenye mafuta. Visipotosha, daktari ataongeza vidonge kwa kipimo. Kuzidisha nako kuna madhara, yakiwemo mawe ya figo.

Mwenendo wa kila siku

Sindano hizo hupunguza misuli, huongeza kitambi na huweza kuleta kisukari. Wagonjwa wengi wa saratani hii hufa kwa maradhi ya moyo, si kwa saratani yenyewe. Basi mzee atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kwenda msikitini kwa miguu kumo. Kama saratani imefika mifupani, aulize kwanza mazoezi gani yanamfaa. Apunguze soda, chumvi na vya kukaangwa, azidishe mboga, matunda na samaki. Sigara aiache kabisa: wavutaji hufa zaidi kwa saratani hii kuliko wasiovuta.

Anayevuja mkojo baada ya upasuaji asiache swala wala kunywa maji. Ajisafishe, avae pedi safi, kisha atawadhe wakati wa swala ukishaingia, kwa kila faradhi. Yapo pia mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kliniki watamfundisha.

Ewe kijana unayemuuguza baba, siku ya kliniki weka vichupa vyote katika mfuko, vya dukani na vya mitishamba, umwonyeshe daktari. Fedha ya kichupa kisichofaa ni nauli ya sindano ijayo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.