Namba ya simu: mali ya mchuuzi wa Rungwe inayogawiwa bure

Biashara ya ndizi, parachichi na viazi mviringo wilayani Rungwe haingoji tena siku ya gulio. Mnunuzi aliyeko Mbeya au Dar es Salaam huonyeshwa picha ya mzigo kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, bei hukubaliwa, na fedha hutumwa kwa simu kabla gari halijapakia Tukuyu au Kiwira. Chini ya picha huandikwa namba ya simu ya muuzaji. Hapo ndipo penye gharama isiyoingizwa kwenye daftari la mapato na matumizi.

Namba hiyo si anwani ya kawaida. Januari 2020 zilianza kuzimwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo namba moja leo ni utambulisho wa mtu, ni duka lake, na kwa kuwa M-Pesa au Airtel Money imo humo humo, ni mkoba wake pia. Mchuuzi asiyethubutu kuacha mkoba juu ya meza ya ndizi huubandika kwenye kundi lenye mamia ya watu asiowajua. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawahitaji zaidi ya orodha kama hiyo.

Nani ananufaika?

Matapeli ni wanunuzi wadogo. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya dola bilioni 164.5 mwaka 2024, na zaidi ya bilioni 160 kati ya hizo zilitokana na matangazo. Mtumiaji halipi kitu. Kinachouzwa kwa watangazaji ni nafasi ya kumfikia, na thamani ya nafasi hiyo hupanda kadiri mtandao unavyomfahamu.

Ufuatiliaji hauishii ndani ya Facebook. Tovuti na programu nyingi zimewekewa kipande cha programu ya Meta kinachoitaarifu kwamba mtu fulani amefungua ukurasa wa bei za mbolea au ameanza kujaza fomu ya mkopo. Vile vile, kampuni yenye orodha ya namba za wateja inaweza kuipeleka Facebook, ambayo huzilinganisha na akaunti zake. Namba iliyoachwa dukani kwa ajili ya risiti inaweza kumrudia mwenyewe kwa sura ya tangazo.

Kuhusu WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014, ni kweli kwamba tangu 2016 mazungumzo yamefungwa yasisomwe hata na kampuni yenyewe. Lakini nani kawasiliana na nani, na lini, ni taarifa nyingine kabisa, na mwaka huo huo WhatsApp ilitangaza kuwa itaipatia Facebook namba za watumiaji. Kwa mfanyabiashara, majina ya anaowasiliana nao msimu mzima ni siri kubwa kuliko maneno waliyoambiana.

Majina ya wengine

Ruhusa yenye hasara kubwa zaidi ni ile ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Anayebonyeza "Ruhusu" hatoi mali yake peke yake. Anamtoa mkulima wa Mwakaleli, dereva wa fuso na dalali wa Kasumulu, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Uzito wa jambo hili ulionekana katika mikopo ya simu: zipo programu zilizokomba majina hayo, na mkopaji alipochelewa kulipa, jumbe za kumwaibisha zikatumwa kwa ndugu, jirani na wateja wake. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mchuuzi anayedharauliwa na wateja wake hukosa mzigo wa mali kauli, na hasara hiyo hupita riba yenyewe.

Kufunga milango kunawezekana bila kuhama mtandao. Kwenye mipangilio ya simu, Facebook inaweza kunyimwa majina na mahali mtu alipo. Ndani ya Facebook yenyewe, majina yaliyokwishapakiwa hufutwa, na taarifa zilizoletwa na tovuti nyingine huondolewa na kutenganishwa na akaunti. WhatsApp nayo ina sehemu ya kuchagua nani aweze kumwingiza mtu kwenye kundi, pamoja na namba ya siri ya hatua ya pili. La maana kuliko yote ni laini ya pili, iliyosajiliwa kihalali, kwa ajili ya matangazo tu, isiyofunguliwa akaunti ya fedha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Ila sheria hiyo inakata pande zote mbili. Mnunuzi mkubwa wa parachichi anayehifadhi majina, namba na akaunti za wakulima anaokusanya kwao mzigo ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, naye anatakiwa kujisajili kwenye Tume.