Sura ya Sita: Kurwa, Doto na Kadi za Mtandao

Pacha wakizaliwa, anayetangulia huitwa Kurwa na anayefuata Doto. Majina hayo hayatazami sura wala tabia ya mtoto. Yanatazama zamu ya kufika. Kwa watoto hayaleti shida, maana mtu huzaliwa mara moja. Kompyuta huzaliwa upya kila inapowashwa, na matatizo ya sura hii yanaanzia hapo.

Chukua seva ya Linux yenye kadi mbili za mtandao, moja ikielekea intaneti, nyingine ikielekea kompyuta za ofisini. Kwa miaka mingi Linux iliziita eth0 na eth1: eth kutokana na Ethernet, namba kutokana na zamu. Kadi iliyotambuliwa kwanza na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilipata sifuri, na iliyofuata ikapata moja. Fundi naye akaandika kanuni za faiwoli kwa majina hayo: eth0 ifungwe kwa wageni, eth1 iachwe wazi kwa wenyeji.

Sasa, kanuni hizo haziijui kadi, zinalijua jina tu. Na kerneli ya kisasa huamsha vifaa vingi kwa pamoja ili mashine iwahi kuwaka, hivyo kadi iliyochelewa kidogo leo yaweza kutangulia kesho. Siku Doto akitangulia, yeye ndiye Kurwa. Wenyeji wanajikuta wamefungiwa nje na wageni wanakaribishwa ndani, ilhali hakuna aliyegusa hata herufi moja ya mipangilio.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuitambua kadi kwa anwani yake ya MAC, namba ya biti 48 ambayo mtengenezaji huiweka ndani ya kadi. Udev, programu inayosimamia vifaa katika Linux, iliandika kwenye faili la 70-persistent-net.rules kwamba anwani hii ni eth0 na ile ni eth1, kisha ikalifuata daftari hilo kila mashine ilipowaka. Lakini kadi ikiungua na kubadilishwa, mpya haimo daftarini. Inaitwa eth2, na mipangilio yote ya eth0 inabaki yatima. Ukinakili diski ya mashine pepe, nakala inaamka na anwani mpya huku imebeba daftari la mwenzake. Juu ya hayo, udev ilikuwa ikigawa majina yaleyale ambayo kerneli nayo inayagawa, kwa hiyo iliweza kutaka kumpa mmoja eth0 ikakuta keshapewa mwingine.

Ndipo watu wakafikiria mahali. Mwaka 2011, Fedora 15, mmoja wa mifumo endeshi ya Linux, ilianza kutumia biosdevname, programu iliyotoka Dell, iliyoiita kadi kwa pale ilipochomekwa. Januari 2013, toleo la 197 la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, likaja na utaratibu wake wa namna hiyo, ambao Debian, mfumo mwingine wa Linux, iliupokea katika toleo la 9 mwaka 2017. Tangu hapo mafundi wengi wamezoea kukuta majina kama enp3s0, yanayotisha mpaka uyasome kipande kwa kipande.

Herufi mbili za mwanzo hutaja aina: en ni Ethernet, wl ni Wi-Fi, ww ni modemu ya mtandao wa simu. Kinachofuata hutaja mahali. Katika eno1, o inasema kadi imejengwa kwenye ubaomama, na namba yake imetolewa na programu ya msingi ya mashine. Katika ens1, s ni nafasi ya kuchomekea. Visipopatikana vyote viwili, huja enp3s0: njia ya PCI namba 3, nafasi 0. Usishangae amri ya lspci ikikuonyesha 0a:00.0 wakati kadi inaitwa enp10s0. Lspci huhesabu kwa kumi na sita, jina huhesabu kwa kumi. Mwisho ipo enx ikifuatwa na tarakimu 12 za anwani ya MAC. Debian huitumia kwa adapta za USB, ambazo leo ziko tundu hili na kesho lile.

Mahali nako huhama. Ukiongeza kadi nyingine, mashine yaweza kuzihesabu upya njia za PCI, na enp3s0 ikaamka ikiwa enp4s0. Hilo likitokea kwenye seva iliyo mbali, fundi hawezi hata kuifikia kupitia mtandao ili airekebishe.

Kwa hiyo kila jina limefungwa kwenye kigingi fulani: zamu, mwili wa kadi au mahali pake. Mashine yenye kadi moja inaridhika na zamu, na net.ifnames=0 kwenye vigezo vya kerneli huirudisha eth0. Seva ambayo kadi zake hubadilishwa zikiungua inafaidika na mahali. Na anayetaka jina lake mwenyewe huandika faili la .link ndani ya /etc/systemd/network, akitaja kadi kwa anwani yake na jina analolitaka, lisizidi herufi 15. Fundi wetu angeandika nje0 na ndani0. Hata Doto akitangulia kuamka, ndani0 itabaki kuwa ya wenyeji. Ila siku kadi ikiungua, akumbuke kuandika humo anwani ya ile mpya.