Wafanyakazi Wasioonekana Shambani

Mkulima atazamapo shamba lake huona mashina, majani na magugu. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya rutuba hufanywa chini ya nyayo zake, na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kijiko kimoja cha udongo mzuri huwa na mamilioni ya bakteria pamoja na nyuzi nyembamba za kuvu. Viumbe hawa huozesha majani makavu, huitayarishia mimea chakula, na baadhi yao huzuia magonjwa ya mizizi.

Zamani wataalam walishughulika zaidi na kupima chumvichumvi za udongo. Siku hizi wanaweza kuzitambua jamii za viumbe hao kwa kusoma DNA yao, bila kuwaotesha kwanza katika maabara, kwa maana wengi wao hawaoteki humo. Kwa hiyo wameanza kuuliza: je, namna ya kupanda huwabadilisha wakazi hao?

Naam, huwabadilisha. Mizizi ya kila mmea hutoa sukari na asidi za namna yake, nazo ni chakula cha viumbe hao. Shamba lipandwalo mahindi matupu mwaka hata mwaka huwaandalia mlo ule ule. Mwaka 2014 wataalam wa Marekani walichapisha ulinganisho wa matokeo ya uchunguzi 122. Kwa wastani, mahali ambapo mazao yalibadilishwa kwa zamu, kaboni iliyomo katika miili ya viumbe wa udongo ilizidi ile ya mashamba ya zao moja kwa asilimia 20.7.

Hapa Kenya upo mfano ulio karibu. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimejaribu kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na majani ya mabingobingo pembeni. Desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi vitoboavyo mashina, tena hukomesha kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, baada ya miaka mingi ya kilimo hicho, jamii za viumbe wa udongoni zilikuwa zimebadilika, hasa zile za kuvu.

Katika miaka ya ukoloni mabwana shamba wengi waliwakataza akina mama kuchanganya mahindi na kunde, wakisema ni uzembe. Sasa inaonekana kwamba desturi hiyo ilikuwa na maana. Lakini si kila mchanganyiko una faida. Maharagwe yaliyosongwa na kivuli hayazai vema. Na mkulima akiyang'oa pamoja na mizizi na kuondoa mabua yote, huiondoa pia sehemu kubwa ya naitrojeni ambayo ingalilisha mahindi ya msimu ujao. Kwa mwenye ekari mbili, asiyeweza kulipumzisha shamba wala kumudu mbolea nyingi ya dukani, hasara hiyo si ndogo.

Mkulima apendaye kujua hali ya wafanyakazi wake na achimbue taratibu mharagwe mmoja unapotoa maua, kisha apasue vinundu vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wamo kazini. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visipokuwapo kabisa, yafaa amwone bwana shamba kabla ya msimu mwingine kuanza.