Wakosaki: Watu Huru wa Nyika

Neno "Kosaki" asili yake si Kirusi wala si Kipolandi. Ni neno la Kituruki, qazaq, lenye maana ya mtu huru, mtembezi asiye na bwana. Ndilo pia lililowapa Wakazaki wa Asia ya Kati jina lao. Tumeanza na jina hili makusudi. Msomaji aliyezoea kumjua Mkosaki kama mpanda farasi wa Tsar, aliyepigana na Waislamu wa Kaukazi, huenda akastaajabu kusikia kwamba miongoni mwa wa kwanza kuitwa hivyo walikuwamo Watatari.

Katika karne ya 15 dola kubwa ya kizazi cha Genghis Khan iliyotawala nyika za Urusi ilisambaratika. Kati ya Krimea na miji ya Poland, Lithuania na Moscow ikabaki nyika pana isiyo na mtawala. Waliitangulia Watatari waliokosana na makhan wao, wakiishi kwa kulinda misafara, au kwa kuipora. Wakafuata wakulima wa Kislavu waliokimbia utwana, maana mashambani kwa makabaila walilazimishwa kazi bila ujira wala ruhusa ya kuhama. Nyikani palikuwa na samaki, asali na mawindo. Palikuwa pia na hatari ya kutekwa: Watatari wa Krimea, waliokuwa chini ya himaya ya Sultani wa Uthmaniya, walivamia vijiji na kuwauza mateka katika soko la Kaffa, mji uitwao leo Feodosia. Hatuoni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa watekaji walikuwa Waislamu.

Wakimbizi hao walijifunza kwa adui zao. Hata vyeo vyao, kama vile ataman na yesaul, vina asili ya Kituruki. Katika miaka ya 1550 Dmytro Vyshnevetsky, mtu wa ukoo wa kifalme, alijenga ngome katika kisiwa cha Mto Dnieper, chini ya maporomoko. Haikudumu, lakini baada yake zikaja kambi zilizoitwa Sich. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia humo, na kiongozi alichaguliwa barazani kwa sauti za watu, akaondolewa vivyo hivyo. Kwa mashua nyepesi walivuka Bahari Nyeusi, wakaushambulia Sinop mwaka 1614 na Kaffa mwaka 1616. Waliwakomboa mateka, waliteka mali pia, na tusidhani kwamba la kwanza ndilo lililokuwa shabaha yao daima.

Mwaka 1648 Bohdan Khmelnytsky, aliyewahi kuwa mateka wa Waturuki, aliongoza uasi dhidi ya Poland. Mshirika wake alikuwa nani? Khan Islam Giray wa Tatu wa Krimea! Mkristo wa Kiorthodoksi na Mwislamu wakasimama safu moja dhidi ya mfalme Mkatoliki, na majeshi ya Poland yakashindwa Zhovti Vody na Korsun. Walioumia zaidi ni wasio na silaha. Maelfu ya Wayahudi waliuawa katika vita hivyo, na Watatari walijilipa kwa mateka, wakiwamo wakulima wale wale ambao uasi ulidai kuwapigania.

Mwaka 1654, huko Pereyaslav, Khmelnytsky alikula kiapo cha utii kwa Tsar wa Moscow. Krimea nayo ikaungana na Poland.